Kazi Haijafika Mpaka Imepokelewa

Hotuba juu ya kupeleka na kusahihisha kazi za masomo kwa njia ya intaneti, iliyosomwa mbele ya wanachama wakaao Kisaju



Nimeombwa niseme juu ya jambo linalowataabisha wengi kati yetu walioanza kusoma tena baada ya saa za kazi. Siku hizi mtu anayetaka cheti cha ufundi, cha hesabu za fedha au cha usimamizi haendi darasani kila jioni. Anasoma kwa simu au kwa kompyuta, na kazi anayopewa na mwalimu huipeleka kwa intaneti. Masomo ya darasani niliyoyapata mimi ni ya shule ya msingi ya misheni, kwa hiyo sisemi kama mwalimu. Nasema kama mfanyakazi anayewaonyesha wenzake njia ambayo watu wengi wanajikwaa.

Pengine mtu atauliza, je, hili ni jambo la chama? Ndiyo, ni la chama. Kupanda cheo hufuata cheti, na mshahara hufuata cheo. Namjua mwenzetu mmoja aliyeandika kazi nne katika muhula mmoja. Aliandika usiku, baada ya zamu, watoto wakiwa wamelala. Muhula ulipokwisha alikuta ameandikiwa sifuri katika kazi mbili. Kazi zenyewe zilikuwamo mle mle, ila hazikuwa zimepelekwa. Alilazimika kurudia somo na kulipa karo mara ya pili, na nafasi ya cheo aliyokuwa akiitazamia ikapewa mtu mwingine. Hakushindwa na somo. Alishindwa na kitufe kimoja. Ndiyo maana nasema leo: kazi haijafika mpaka imepokelewa.

JAMBO HILI LILIKOTOKA

Kusoma mbali na mwalimu si jambo geni. Mwaka 1840 huko Uingereza, Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa posta. Mwanafunzi aliandika zoezi kwenye kadi, akaituma, na Pitman akaisahihisha na kuirudisha. Tazameni vema: kilichofanya yawe masomo ni kule kurudishwa. Kadi isiyorudi ingekuwa karatasi tu.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliendesha masomo kwa posta kutoka Kikuyu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Tanzania nayo ilitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Kisha, ugonjwa wa korona ulipoingia na shule za Kenya kufungwa Machi 2020, hata vyuo vilivyokuwa na madarasa ya kutosha vililazimika kuhamia kwenye intaneti. Mwezi wa Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, na makao yake ni Konza. Sisi watu wa reli twaijua Konza kama mahali njia ya Magadi inapoiacha njia kuu ili ipite Kajiado. Leo hapo hapo pana chuo ambacho mwanafunzi wake aweza kukaa Kisaju, Lamu au Lodwar na bado akawa mwanafunzi kamili.

Jukwaa la masomo ni programu ambayo chuo hufungua kwenye intaneti. Kila somo lina ukurasa wake, na katika ukurasa huo mna maandishi ya mwalimu, maswali, na mahali pa kutia kazi. Yako majukwaa mengi. Moja linalotumiwa sana katika vyuo vya Kenya ni Moodle. Lilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Halina ada ya leseni, na ndiyo sababu moja vyuo vyenye fedha chache vilipendelea kulitumia. Nitaeleza kwa kufuata hilo, lakini mwenye kuelewa hilo hatapotea katika mengine.

KUPELEKA KAZI

Kwanza, soma tarehe kabla ya kusoma swali. Mara nyingi ziko tarehe mbili. Ya kwanza ni siku kazi inapotakiwa. Ya pili ni siku mlango unapofungwa kabisa. Kazi iliyoletwa katikati ya hizo mbili hupokelewa, lakini huandikwa kuwa imechelewa, na mwalimu aweza kuipunguzia alama. Baada ya siku ya pili, jukwaa halipokei tena.

Jihadharini na saa. Mara nyingine jukwaa huhesabu kama ratiba ya treni, saa 24. Likiandika 23:59, hiyo ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku kwa hesabu yetu. Likiandika tarehe 15 saa 00:00, hiyo ni saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Anayengoja mpaka usiku wa tarehe 15 yenyewe amechelewa siku nzima. Na kama chuo kiko ng'ambo, angalia saa za nchi gani zinatumika. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao.

Pili, tengeneza faili moja lililo safi. Wengi wetu tunaandika kwa kalamu halafu tunapiga picha kwa simu. Hakuna ubaya, ikiwa chuo kinakubali. Lakini picha nane zilizotupwa ovyo, moja imelala ubavu na nyingine ina kivuli cha mkono, humchosha mwalimu naye hukosa kusoma vizuri. Ziunganishe ziwe faili moja la PDF, kurasa zikifuatana. Andika jina la faili lenye namba yako ya usajili na jina la somo. Angalia pia ukubwa wa faili, maana kila jukwaa lina kipimo chake, na faili lililozidi kipimo hukataliwa.

Tatu, na hapa ndipo mwenzetu alipoangukia. Kuna hatua mbili, wala si moja. Hatua ya kwanza ni kupandisha faili na kulihifadhi. Baada ya hapo, jukwaa laweza kuonyesha kwamba kazi yako ni rasimu, yaani bado iko mikononi mwako, nawe waweza kuibadilisha. Mwalimu akiweka masharti hayo, lazima ubonyeze kitufe cha pili, cha kuwasilisha. Ukishabonyeza hicho, kazi imekuwa ya mwalimu, na mara nyingi huwezi tena kuigusa. Behewa lililopakiwa mizigo likaachwa kwenye njia ya pembeni halijasafiri, hata kama mizigo imefungwa vizuri namna gani. Mpaka liunganishwe na treni, lipo pale pale.

Nne, hakikisha. Rudi kwenye ukurasa wa kazi usome hali yake. Inapasa iseme kwamba kazi imewasilishwa kwa kusahihishwa. Kisha lifungue faili lenyewe uone kama ni lile ulilokusudia, maana wako watu waliopeleka risiti ya umeme mahali pa insha. Mwisho, piga picha ya ukurasa ule, wenye tarehe na saa. Majukwaa mengine hutuma na barua pepe ya stakabadhi. Itunze. Sisi sote tunatumia M-Pesa, na hakuna kati yetu anayeondoka dukani kabla ujumbe haujafika. Basi mbona tunaiacha kazi ya wiki tatu bila ushahidi? Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Tano, usingoje usiku wa mwisho. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na ukakatika tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikawa dhaifu Kenya, Tanzania na nchi jirani. Mambo hayo si kosa la mwanafunzi, lakini mwanafunzi ndiye anayeumia. Hapa Kisaju hatuhitaji hata nyaya za bahari kukatika. Upepo mmoja mkali watosha kutuacha gizani. Weka siku yako mwenyewe, siku mbili kabla ya siku ya chuo.

Na ikiwa zamu imebadilishwa ghafla, au umepelekwa kazini mbali, mwandikie mwalimu kabla ya tarehe kupita. Katika Moodle mwalimu aweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuubadilisha kwa darasa zima. Wengi hawajui hilo, kwa hiyo hawaombi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

KUPOKEA MASAHIHISHO

Ndugu zangu, sasa nasema neno ambalo huenda lisipendeze. Wengi wetu, kazi ikirudi, tunatazama alama tu. Ikiwa 70, tunafunga simu kwa furaha. Ikiwa 40, tunafunga simu kwa hasira. Katika hali zote mbili hatujasoma chochote.

Alama ni hukumu. Masahihisho ndiyo masomo. Fungua maelezo ya mwalimu. Mara nyingine yako chini ya alama; mara nyingine ameandika juu ya faili lako lenyewe, ukurasa kwa ukurasa, nawe huwezi kuyaona mpaka ulifungue faili alilolirudisha. Mara nyingine kuna jedwali la vigezo, linaloonyesha alama ngapi zilitolewa kwa hesabu, ngapi kwa maelezo, ngapi kwa mpangilio. Jedwali hilo huwa wazi mara nyingi hata kabla ya kuandika. Lisome mapema, ndipo utajua mwalimu anapima nini.

Chukua daftari, uandike makosa matatu ambayo hutaki kuyarudia. Kazi ijayo, kabla ya kuiwasilisha, soma daftari hilo kwanza. Ukiona umepunjwa alama, una haki ya kuuliza. Lakini uliza kama mtu anayejua kudai haki: taja ukurasa, taja kigezo, eleza kwa nini, kwa lugha ya heshima. Kusema tu kwamba mwalimu hakupendi si hoja. Katika chama tumejifunza kwamba lalamiko lisilo na ushahidi hufa mezani.

KUSAHIHISHA KAZI YA MWENZAKO

Liko jambo jipya ambalo wengi hulishangaa. Mwalimu aweza kuamuru wanafunzi wasahihishane. Katika Moodle kazi hiyo huenda kwa hatua tano: mwalimu huandaa, wanafunzi hupeleka, wanafunzi husahihisha kazi za wenzao, mwalimu hukagua usahihishaji wenyewe, kisha jambo hufungwa. Jukwaa hugawa kazi, nawe hupokea mbili au tatu za watu wengine. Mara nyingine majina hufichwa.

Lazima mjue kwamba hapo mna alama za aina mbili. Ya kwanza ni ya kazi uliyoiandika. Ya pili ni ya namna ulivyosahihisha. Kwa kawaida, mwalimu asipobadilisha, kazi yako huchukua 80 na usahihishaji wako 20. Kwa hiyo mtu aliyeandika vizuri kisha akapuuza kuwasahihisha wenzake amezitupa alama 20 kwa mkono wake mwenyewe.

Na hizo 20 hupatikanaje? Jukwaa hulinganisha hukumu za watu wote waliosahihisha kazi moja. Aliye karibu zaidi na wastani wao huchukuliwa kuwa ndiye aliyepima vizuri kuliko wote, na waliokwenda mbali naye hupunguziwa. Mwalimu huweza kuingilia na kusawazisha. Basi anayempa kila mtu alama zote ili apendwe huweza kujikuta peke yake, na anayemnyima kila mtu ili aonekane mkali naye vivyo hivyo.

Hapa najua mtajiuliza: je, sisi wanachama hatuambiwi kusaidiana? Je, si undugu kumpa mwenzangu alama zote? Nawajibu kwamba huo si undugu. Fikirini fundi anayekagua breki za behewa alilotengeneza rafiki yake. Akipitisha breki mbovu kwa ajili ya urafiki, hakumsaidia rafiki yake, wala dereva, wala abiria. Undugu wa wafanyakazi ni kumwambia mwenzako ukweli mapema, mahali ambapo bado aweza kutengeneza, ili asije akaambiwa na mwajiri mahali ambapo hawezi tena.

Basi sahihisha hivi. Soma kazi yote kabla ya kutoa alama yoyote. Sema kwanza kilicho kizuri, na utaje kiko ukurasa gani. Kisha sema kilichopungua, utaje nacho kiko wapi. Kisha sema afanye nini ili kitengenee. Usiandike tu kwamba kazi ni nzuri, kwa maana neno hilo halimfundishi. Wala usiandike kwamba kazi ni mbaya, kwa maana neno hilo linamuumiza bure. Andika mathalan: Katika ukurasa wa pili umetaja gharama za mafuta lakini hukuonyesha umezihesabu vipi, weka hesabu hapo. Maneno machache kama hayo yana thamani kuliko sifa za ukurasa mzima.

Nawe unapopokea maneno ya mwenzako, usikasirike. Mficha uchi hazai. Wengi wetu tulipigwa viboko shuleni kwa kukosea, kwa hiyo hata leo tukiona wino mwekundu mwili unasisimka. Lakini mwenzako hakushika kiboko. Anakuonyesha shimo lililo njiani, na yeye mwenyewe anangoja umwonyeshe lake.

KAZI ISIYO YAKO

Sina budi kutaja ugonjwa mmoja. Wako watu wanaolipa wengine wawaandikie kazi. Kenya inajulikana duniani kwa biashara hii: vijana wetu wenye elimu nzuri, waliokosa ajira, wanaandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Mwenye jasho hubaki bila jina, na mwenye fedha huvaa joho. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 kuifanya biashara hiyo kuwa kosa huko England. Sisi wafanyakazi yatupasa kuitazama kwa macho mawili. Jicho moja linamwonea huruma kijana anayeuza akili yake kwa bei ndogo. Jicho la pili linaona cheti cha uongo.

Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa, imekuwa rahisi zaidi kuiambia mashine iandike. Mashine yaweza kukusaidia kuelewa neno gumu, ikiwa chuo kinaruhusu. Lakini ikikuandikia kazi yote, nani amesoma? Katika reli yetu mtu aweza kukabidhiwa ishara, njia na maisha ya abiria mia kadhaa. Siku hatari itakapokuja usiku, hataweza kumwita aliyemwandikia majibu.

YAPASAYO CHAMA

Sasa nalirudia swali la chama, nalo nalileta kwa tawi hili kama mapendekezo manne.

La kwanza: tuunde kikundi cha masomo hapa Kisaju. Wengi wetu tulikuja huku kwa sababu ploti za Nairobi hatuziwezi, nasi tunapanda matatu kila siku kwenda Kitengela, Athi River na Nairobi. Tunarudi tumechoka, kila mtu na simu yake na bando lake dogo, mara nyingine simu moja kwa baba na mtoto wa shule. Mara moja kwa wiki tukutane, mwenye kompyuta aje nayo, tusomeane vigezo, na kila mmoja akaguliwe na mwenzake kama kazi yake imewasilishwa kweli au ni rasimu bado. Hilo halihitaji fedha.

La pili: chama kiombe ratiba ya zamu itolewe mapema, ili anayesoma ajue atakuwa wapi siku ya kupeleka kazi, na zamu ikibadilishwa ghafla, msimamizi atoe barua ya kuthibitisha, ambayo mfanyakazi ataipeleka kwa mwalimu.

La tatu: pale mwajiri mwenyewe anapomwamuru mfanyakazi asome kwa intaneti, saa hizo zihesabiwe kuwa za kazi, na gharama ya bando iwe ya mwajiri. Si haki mtu kuamriwa kusoma kwa ajili ya kazi, kisha asome usiku wa manane kwa fedha ya unga wa watoto. Liandikwe katika madai yetu ya mapatano yajayo.

La nne: wenye ujuzi wasione haya kufundisha, na wasio na ujuzi wasione haya kuuliza. Kijana wa miaka 22 aweza kumwonyesha mzee wa miaka 50 jinsi ya kuunganisha picha kuwa faili moja. Mzee naye aweza kumwonyesha kijana jinsi ya kusoma swali mara tatu kabla ya kujibu. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo.

Ndugu Mwenyekiti, katika njia moja ya reli, dereva haondoki stesheni kwa sababu anadhani njia ni wazi. Huondoka akiwa na ruhusa ya njia. Desturi hiyo imewaokoa watu wengi, nayo yafaa katika masomo pia. Tusidhani kazi imefika. Tuwe na ushahidi. Tusidhani tumeelewa, tusome masahihisho. Tusidhani tunampenda mwenzetu kwa kumsifu. Tumwambie ukweli naye atuambie.

Wale wenye kazi za kupeleka mwisho wa mwezi huu wabaki kidogo baada ya mkutano. Tutazifungua simu hapa hapa, tuangalie pamoja kazi zipi zimewasilishwa na zipi bado ni rasimu.

 Umoja ni nguvu.